Upande Wenye Wino na Upande Wenye Watu

*Hotuba kwa wazee, walimu na wanafunzi, Lindi mjini*

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi vijana wa nyuma kule, mambo vipi. Mliovuka kutoka Kitunda kuja kutusikiliza, ahsanteni sana. Najua jua la saa nne lilivyo juu ya maji yale.

Nimeombwa nizungumzie postikadi za zamani zilizoandikwa kwa mkono: zinasomwaje, na hadithi iliyofichika ndani yake inapatikanaje. Nitasema mapema ninachoamini, halafu muda uliobaki niutumie kuwaonyesha sababu. Kadi iliyotoka Lindi au Mikindani miaka mia na zaidi iliyopita haiwezi kusomwa ikaisha kabla haijarudi huku. Wanaozikusanya Ulaya ni hodari wa kusoma upande mmoja, ule wenye wino. Upande wa pili, wenye watu, vyombo, milango na minazi, unawasubiri ninyi mliokaa hapa mbele yangu.

Kitu chenyewe ni rahisi. Posta ya Austria-Hungary ilitoa kadi ya kwanza rasmi tarehe 1 Oktoba 1869. Ilikuwa karatasi ngumu isiyo na picha wala bahasha, kwa hiyo kila aliyeishika njiani aliweza kusoma salamu za mwenzake. Picha zilikuja baadaye, na zilipokuja zikaleta shida ya nafasi, kwa sababu kanuni za posta zilitaka upande mmoja mzima uwe wa anwani tu. Watu wakabana maneno yao pembeni mwa picha, chini ya miguu ya waliopigwa picha, mawinguni, hata juu ya tanga la jahazi. Uingereza iliruhusu upande wa anwani ugawanywe kwa mstari mwaka 1902, Ujerumani mwaka 1905. Basi ukishika kadi ya Kijerumani ya pwani hii, nyuma hakuna mstari wa katikati na maneno yamesongamana kwenye picha, jua imechapishwa kabla ya mwaka huo au karibu na hapo.

Stempu inakaza tarehe zaidi. Wajerumani walifungua posta zao Bagamoyo na Dar es Salaam mwaka 1890, wakianza na stempu za kwao. Mwaka 1893 stempu hizo zikapigwa chapa ya pesa, pesa 64 kwa rupia moja. Mwaka 1901 ikaja stempu yenye picha ya Hohenzollern, merikebu ya Kaizari. Kuanzia 1905 thamani zikaandikwa kwa heller, mia kwa rupia, merikebu ile ile ikibaki pale. Vita vilipogeuza mambo, tunaona mwaka 1917 stempu za Afrika Mashariki na Uganda zilizogongwa herufi G.E.A., yaani German East Africa, mwaka 1922 twiga wa Tanganyika, na mwaka 1935 stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa hiyo hata mhuri ukiwa umefifia, hujapotea. Na kama stempu yenyewe imebanduliwa, basi pole. Wakusanyaji wa stempu wamezitesa kadi zetu kuliko mchwa. Hata hivyo tazameni vizuri pale ilipobanduka, kwa maana wako walioandika kaneno chini ya stempu. Siku hizo Ujerumani hata kuibandika stempu kwa kuipinda ilikuwa na maana yake kati ya wapenzi. Vijana naona mmeamka.

Mhuri nao unataka umakini. Ukisoma LINDI, sawa, kadi ilipita posta ya hapa. Lakini ukikuta maneno Deutsche Seepost, yaani posta ya Kijerumani ya baharini, pamoja na jina la kampuni ya meli Ost-Afrika-Linie, hiyo iligongwa melini. Huyo mwandishi huenda alinunua kadi meli ilipotia nanga, akaitazama Lindi kutoka sitahani akila chakula cha mchana, akaandika kwamba ameijua Afrika. Msimwamini sana.

Sasa mwandiko, ndio unaotisha watu. Wajerumani wa wakati ule waliandika kwa hati iitwayo Kurrent, yenye ncha ncha, ambayo e yake inafanana na n, na u huwekewa kikofia juu ili isichanganywe na n. Shule za Ujerumani ziliacha kufundisha hati za namna hiyo mwaka 1941, kwa hiyo kijana wa Hamburg wa leo naye akiiangalia kadi ya babu wa babu yake anakodoa macho kama ninyi. Mnaanzia mstari mmoja. Na ninyi mna mlango wa kuingilia ambao yeye hana. Majina ya mahali na maneno ya kigeni, mara nyingi waliyaandika kwa herufi hizi za kawaida tunazozijua. Katikati ya msitu ule wa miiba unaliona neno "Mikindani" limesimama wazi. Unaliona "boma", unaliona "shamba", unaliona "safari". Mjerumani wa leo anayapita. Mwanafunzi wa Lindi anajua mara moja mwandishi alikuwa anaongea juu ya nini.

Kutoka hapo, tafuteni salamu zilizokuwa zinarudiwarudiwa. Kadi nyingi zina maneno Herzliche Grüße, yaani salamu za dhati. Ukiyapata hayo, tayari una umbo la herufi tisa au kumi za mtu huyo. Yanakili kwenye daftari, herufi kwa herufi, ujenge jedwali la mkono wake, maana kila mtu ana mkono wake. Ipo programu ya kompyuta iitwayo Transkribus ambayo imefunzwa kusoma hati hizi, na nawashauri walimu waijaribu. Kwa kurasa nyingi inasaidia. Kwa mistari minne iliyoandikwa kwa penseli ndani ya meli inayoyumba, mimi bado naliamini jicho la mtu mwenye subira.

Na mkishasoma, msitegemee siri za serikali. Nyingi zinasema joto ni kali, homa imerudi, meli imechelewa, nisalimie shangazi. Mtu anaweza kukata tamaa. Lakini karatasi ina tabia ya kusema zaidi ya mwandishi alivyokusudia, na Lindi mnalijua hilo kuliko watu wengi. Oktoba 1914 manowari ya Kiingereza Chatham iliikuta meli ya Kijerumani Präsident imejificha hapa kwenye mto Lukuledi. Katika kuipekua, Waingereza wakapata karatasi za kawaida kabisa za kazi, zinazohusu makaa ya mawe yaliyopelekwa Rufiji. Kwa karatasi hizo wakajua wapi pa kuitafuta Königsberg, manowari waliyokuwa wakiisaka bahari nzima, na Julai 1915 ikaangamizwa huko huko deltani. Aliyeandika habari za makaa hakudhani anaandika habari za manowari.

Nitawasimulia kadi moja, maana naona nikiendelea na kanuni tu mtasinzia.

Kadi hii ilitumwa kutoka Mikindani mwaka 1909, mhuri unasomeka. Mwandishi anamshukuru dada yake kwa soksi alizomtumia, anasema chakula kimemchosha, halafu anamwambia kwamba ameweka alama ya msalaba juu ya nyumba anayolala. Ukigeuza, kweli, kuna msalaba wa wino juu ya paa moja. Mtindo huo ulikuwa wa kawaida sana, na msione ajabu mkikutana nao. Mkusanyaji aliyekuwa na kadi hiyo aliandika kwenye orodha yake mahali, mwaka, nyumba ya mtumishi wa serikali, basi. Kwake yeye hadithi imekwisha.

Nilimpelekea nakala kubwa mzee mmoja, fundi wa vyombo, pale pale Mikindani. Hakuitazama nyumba hata kidogo. Aliweka kidole chini kabisa ya picha, penye jahazi lililolazwa ubavu mchangani, akanyamaza.

"Mwanangu, hapa wanapaka deheni," akasema.

"Umejuaje, mzee wangu?"

"Si unaona moshi? Wanachemsha mafuta na chokaa. Na mkuku wote uko wazi. Maji haya ni ya bamvua. Maji mafu chombo kikubwa hivi huwezi kukifikisha pale juu ukakilaza."

Mimi nilikuwa nimeuona ule moshi miaka yote nikadhani ni doa la karatasi. Akaendelea. Bendera juu ya boma inapepea kuelekea upande wa kaskazini-magharibi, basi ni upepo wa kusi, na kusi likikaza vyombo vinapumzika na kutengenezwa. Yule aliyesimama mbali amevaa kanzu, mikono nyuma, huyo ni nahodha au mwenye chombo, kwa sababu hakuna anayepaka deheni na kanzu yake. Na vijana watatu waliokaa chini ya mwembe? "Hao wanasubiri kula," akasema, tukacheka.

Angalieni alichokifanya mzee huyu. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi ukiwa mwandamo au mpevu. Kusi lina miezi yake. Tayari tuna msimu, tuna siku chache katika mwezi, tuna wakati maji yamekupwa, tuna kazi inayofanyika, tuna cheo cha mtu mmoja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa na mwenye soksi.

Nikamuuliza kama anamjua yule wa kanzu, kwa kuwa familia zenye majahazi Mikindani hazikuwa nyingi. Akatabasamu, akasema jina analo moyoni, lakini hatalitamka mpaka awaulize wenye ukoo. Nilimheshimu zaidi kwa hilo. Walimu wangu, nawaomba muwafundishe watoto jambo hili kabla ya yote: kwenye daftari iwepo safu ya "tunajua" na safu ya "tunadhani", na mtu asihamishe jina kutoka safu moja kwenda nyingine kwa sababu tu linapendeza. Mpaka leo yule wa kanzu yuko kwenye safu ya pili.

Tahadhari nyingine inahusu tarehe. Mhuri unasema kadi ilitumwa lini, hausemi picha ilipigwa lini. Picha zilipigwa na wapiga picha wenye studio, kama C. Vincenti na Walther Dobbertin huko Dar es Salaam, au nyumba za Wagoa kama A. C. Gomes huko Unguja. Kadi nyingi zilikwenda kuchapishwa Ulaya, zikarudi kwa meli, zikakaa dukani hata miaka. Na wachapishaji hawakuona haya kuitumia picha moja chini ya majina mawili tofauti. Ndiyo maana nasema muulizeni aliyezaliwa pale. Mtu wa Lindi akiambiwa hii ni Lindi na mlima uko upande usiokuwa wake, atacheka kabla hujamaliza kusoma maelezo. Picha za Dobbertin ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, na nyingi zinaonekana bure mtandaoni. Mkae nazo, mzikague.

Sasa nakuja kwenye jambo linaloniumiza. Chini ya picha hizi kuna maelezo yaliyochapishwa, na mara nyingi maelezo hayo hayana mtu ndani yake. "Mwanamke wa Kimakonde." "Wenyeji sokoni." Mama amekaa na pambo lake la ndonya mdomoni, na chale alizochanjwa kwa maumivu na kwa fahari, anaitazama kamera kwa macho ya kuuliza, na kadi inauzwa na kusafirishwa hadi nyumba asizozijua bila jina lake. Nyuma yake mtu ameandika kwamba hali ya hewa ni nzuri. Zilikuwepo pia kadi za wafungwa waliofungwa minyororo shingoni, zikiuzwa kama vile mtu anavyouza picha ya machweo. Ninyi ni wajukuu wa watu waliopigana Maji Maji kati ya 1905 na 1907. Sihitaji kuwaeleza minyororo ile. Mimi sipendi kadi kama hizo zitundikwe kwenye mikahawa ya watalii kuwa mapambo. Zikionyeshwa, zionyeshwe na maneno ya kueleza kinachotendeka, na ikiwezekana kinachotendeka kielezwe na watu wa eneo hilo.

Kwamba majina yangeweza kuandikwa, tuna ushahidi hapa hapa mkoani. Pale Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, wataalamu kutoka Berlin wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig walifukua mifupa ya dinosaria, na wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Yule mjusi mkubwa kuliko wote amesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, na sura yake imechapishwa kwenye kadi zisizohesabika. Msimamizi wa uchimbaji, Boheti bin Amrani, jina lake liliandikwa kwenye kumbukumbu za kazi, na kwa sababu liliandikwa, mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya mchimbaji Mohammadi Keranje. Haya, na wapagazi waliobeba? Wako mamia. Wengine ni babu zenu ninyi mliomo humu ndani. Waliokuwa na daftari hawakuona haja ya kuandika.

Tena msidhani kalamu ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwaka 1890 Machemba, mkuu wa Wayao wa uwanda wa Makonde, alimwandikia von Wissmann, kamishna wa Wajerumani, barua ya Kiswahili kumweleza kwamba haoni sababu ya kumtii. Barua hiyo inajulikana mpaka leo. Wafanyabiashara wa pwani waliandikiana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mashehe wetu bado wanazisoma bila taabu. Kadi na barua za wenye maduka wa Kihindi ziko za Kigujarati. Na kwao kadi ilikuwa jambo la kawaida, maana posta ya India iliianzisha mwaka 1879 kwa robo ana tu. Kama familia yenu ina kisanduku cha marehemu babu mwenye duka, na ndani mna maandishi ambayo hamyaelewi, msiyatupe kwa sababu hayana stempu nzuri. Mtafuteni mzee wa Kigujarati. Naomba nisisitize: mtafuteni mwaka huu, wamebaki wachache.

Na kuna tabaka ambalo wakusanyaji hulidharau kwa kuwa si la zamani sana, la miaka ya karanga. Mpango wa Waingereza wa kulima karanga kwa wingi ulianza 1947, Nachingwea ikawa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Urambo, reli ikajengwa, bandari ya Mtwara ikachimbwa. Waingereza waliokuja kufanya kazi waliandika kwao kila wiki. Mpango wenyewe ulikufa 1951, reli ikang'olewa mapema miaka ya 1960. Kwa maoni yangu kadi hizi ndizo za kushughulikia kwanza. Za Wajerumani tumeshawakosa mashahidi. Hizi, wapo wazee hapa waliolisikia treni lile likilia. Ukimwonyesha mmoja wao kadi ya kambi ya Nachingwea, atakutajia aliyekuwa anaendesha trekta.

Mambo ya utunzaji nitayapitia haraka. Msipeleke kadi stationari ikapigwe laminesheni. Plastiki ile ya moto haibanduki tena, na wino unaungua. Msiibandike kwa gundi. Msiifunge kwenye nailoni, hewa ya pwani hii itaivundisha humo. Bahasha ya karatasi inatosha, juu ya rafu mbali na ukuta. Maelezo yaandikwe kwa penseli juu ya bahasha, kadi yenyewe isiguswe. Mkipiga picha kwa simu, zimeni mwanga wa simu, ilazeni kadi karibu na dirisha asubuhi ili nuru ije ubavuni, na mtaona alama za penseli iliyofutika miaka themanini iliyopita. Pigeni pande zote mbili, hata upande mmoja ukiwa mtupu. Na mkizungumza na mzee, rekodini sauti yake kwa idhini yake, msiishie kuandika mlichokisikia ninyi.

Leo nimekuja na nakala kubwa za kadi, ziko kwenye ile meza ndefu karibu na mlango. Nakala si kadi halisi, kwa hiyo zishikeni, zivuteni karibu na macho, wekeni vidole. Kila nakala ina karatasi yenye safu mbili nilizozitaja. Vijana wataandika, wazee watasema. Naomba tuanze na ile ya soko la samaki, kwa sababu kuna mama hapa mbele ameshaniambia, hata kabla sijaanza kuongea, kwamba samaki wale hawavuliwi Lindi. Mama, shikamoo, karibu. Mpisheni apite.